Mashine ya Baba Iliyokuwa Ikilia

Mwezi uliopita nilipeleka kipuri cha gari kwa fundi wa kukereza vyuma mjini Kericho. Nilikuwa nimesimama mlangoni, natafuta simu mkobani, harufu iliponipata. Ilikuwa harufu ya mafuta yale wanayomwagia kisu cha mashine ili kisiungue, yanapofuka moshi juu ya chuma cha moto. Harufu iliyo kati ya maziwa yaliyochacha na nywele zilizoungua. Nilijikuta nimekaa juu ya tairi kuukuu. Yule fundi, kijana tu, akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Lakini sikuwa Kericho tena. Nilikuwa Kipkelion, darasa la nne, na baba yangu alikuwa ameacha kuongea na mimi.

Sisi ni watu wa upande wa ziwa. Baba alipanda huku milimani akiwa kijana, akaingia karakana ya kiwanda kimoja cha chai, na humo ndimo alimojifunza kukereza. Kiwanda kilipopunguza watu, alirudi nyumbani na mashine kuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Akaifunga ndani ya kibanda cha mabati karibu na reli. Nawaeleza wale ambao hawajaiona: chuma kinabanwa na kuzungushwa kwa nguvu, kisu kimesimama, na kisu kinakimenya chuma kama unavyomenya chungwa, ganda likijikunja na kuanguka chini. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na sukuma sokoni. Miaka ile ya vita vya kikabila jamaa zetu kadhaa walikuwa wamepakia vitanda kwenye lori na kurudi kwao, na waliobaki walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini jioni. Mama alikuwa akisema mtu wa kuja hukaa kwa kazi yake. Watu wakikuhitaji, unakaa.

Mashine ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ilikuwa ikilia. Mashine zote zinanguruma, lakini hii, kisu kikigusa chuma, ilitoa mlio mwembamba wa kukata, kama ng'ombe anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Meno yalikufa ganzi. Bati za kibanda zilitetemeka, na maji kwenye ndoo yangu yakafanya duara dogo dogo. Mama Chebet, jirani yetu aliyekuwa akituletea maziwa, alikuja siku moja na kibuyu kitupu mkononi.

"Fundi, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini ng'ombe amekataa kuachilia maziwa. Anasikia hii kitu yako, anakaza miguu."

Baba alicheka, akaomba msamaha, akazima mashine mpaka ng'ombe akamuliwe. Hayo ndiyo yaliyoniumiza. Mama Chebet alimjibu. Mama alimjibu. Watu wa posho mill, mashine za kusaga unga, waliokuja na shafti zao aliwajibu wote. Ni mimi tu ambaye hakunijibu. Nilikuwa nikitoka shule nasimama mlangoni nasema, "Baba, nimerudi," naye anaendelea kuinama juu ya kisu chake. Nilimwambia nimekuwa wa pili katika hesabu. Hakuinua kichwa. Kabla ya hapo alikuwa akinibeba begani kwenda sokoni, akiimba nyimbo za kwao kwa sauti nzito. Nilikaa nikiwaza nimemkosea nini. Nilifikia kuamini ni kwa sababu mimi ni msichana, na mtu mwenye karakana alitaka mtoto wa kumwachia mashine.

Kisha ikaja kazi ya bushi. Injinia Langat wa kiwanda cha chai, aliyekuwa akimjua baba tangu karakana, alimletea kazi ya bushi ndefu za shaba, zile ambazo shafti huzunguka ndani yake. Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba unakereza ndani ya tundu. Kisu kinafungwa kwenye ncha ya chuma kirefu na chembamba, unakipenyeza mpaka ndani kabisa, na chuma kirefu hakina wa kukishika huko mbele. Kinachezacheza. Kikicheza, kisu kinaruka, na kikiruka, mashine inalia na kuacha alama ndani ya tundu.

Injinia alikuja kuona bushi ya kwanza. Aliongea kwa kupaza sauti, kama watu wote wa kiwandani.

"Fundi, weka kidole hapa ndani. Unasikia nini?"

Baba aliingiza kidole, akakitoa, akakitazama kama si chake. Akainua bushi kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja.

"Nasikia mawimbi," alisema.

"Mawimbi. Hii ikiingia kwa mashine ya kusaga majani, itakula shafti kabla ya mwezi. Mimi nataka kazi ikae hapa na wewe, unanielewa? Lakini meneja anasema zikikataa, ziende Nakuru. Na zikienda Nakuru, kila kitu kitakuwa kinaenda Nakuru."

"Zitakubali," baba alisema.

Hazikukubali. Alijaribu kila alichojua. Alipunguza mwendo, mashine ikalia kwa sauti nzito zaidi. Alinoa kisu, akakaza kila bolti, akachimba sakafu na kumwaga zege chini ya miguu ya mashine. Alifunga chuma kile kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kikanyamaza kidogo, mpira ukaungua, kikalia tena. Alipanga magunia ya mchanga juu ya mashine mpaka ikafanana na kaburi. Hakuwa akila. Mama alikuwa akileta ugali, anaurudisha. Alianza kukemea vyombo, kisha paka, kisha hewa. "Nyamaza!" alikuwa akisema akiwa amesimama peke yake, mikono kichwani. Niliposikia neno hilo nilikuwa nafunga mdomo, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Injinia aliporudi safari ya pili alivua kofia, akakaa juu ya gunia la mchanga. Alisema alipokuwa chuo waliwahi kuonyeshwa dawa yake: chuma kinatobolewa katikati, na ndani ya ncha yake kinatiwa kitu kizito kinacholegea kidogo. Sikuelewa mengine. Niliyosikia vizuri ni yale baba aliyomwambia mama nyumbani, akiwa amekaa kwenye kigoda, uso ukiwa kati ya viganja, akimwita kwa jina langu.

"Mama Awuor, nahitaji risasi. Nyingi. Bila hiyo tumeisha."

Mimi nilijua risasi moja tu. Kila mtoto wa miaka ile alijua risasi moja tu.

 Niliunganisha mambo kichwani mwangu, na yaliungana vizuri sana: haongei na mimi, hali, anakemea hewa, na sasa anataka risasi. Asubuhi nilimfuata mama kisimani.

"Mama, risasi ni ya nani?"

Alikuwa amechoka. Hakugeuka. "Ni ya baba yako. Na usiende kuitangaza sokoni, watu waanze kutucheka."

Siku hiyo hiyo alipanda gari kwenda kwao ziwani, kwa mjomba wangu aliyekuwa mvuvi. Alirudi na kamfuko ka gunia, kadogo, lakini alikabeba kwa kuinama upande kana kwamba ndani mna jiwe la kusagia. Alikaweka nyuma ya mlango, akaenda sokoni kuona kama mboga zake zimeharibika.

Nilifungua mfuko. Vilikuwa vipande vya kijivu, vinene kama kidole changu, vizito, na kila kimoja kilikuwa na tundu. Sikuwa nimewahi kuiona risasi, kwa hiyo hizo ndizo zilizokuwa risasi. Niliamua kuzitupa chooni. Nilikaburuta kamfuko mpaka katikati ya uwanja, mikono ikaniuma, nikajikwaa, nikaanguka juu yake. Kivuli cha baba kilinifunika. Aliinama, akakaokota kamfuko kwa mkono mmoja, akageuka kwenda kibandani.

Nilisimama nyuma yake nikasema kwa nguvu zangu zote, "Baba, usijiue!"

Hakugeuka. Hakupunguza hata mwendo.

Sijui kama nimewahi tena kuwa peke yangu namna ile. Nilimfuata kwa sababu sikujua la kufanya. Aliwasha makaa kwenye jiko, akachukua sufuria kuukuu, akamwaga vile vipande ndani. Nilishika nguzo ya mlango nikalia. Alipoinua macho na kuniona, uso wake ulilegea, akaniambia kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwa muda mrefu, "Toka nje, mama. Huu moshi wa risasi ni mbaya kwa macho."

Mama ndiye aliyenitoa. Alinikuta nimejikunja kando ya kibanda, akanitoa maneno kidogo kidogo, na alipoelewa alinishika kwa mabega akanipeleka kutazama. Vile vipande vilikuwa vimeyeyuka. Vilikuwa vimekuwa kama maziwa ya fedha. Vilikuwa vizito vya nyavu, alisema, vile wavuvi wanafunga chini ya wavu ili uzame. Madini yenyewe ndiyo huitwa risasi. Baba akamimina kwenye kopo lenye mchanga, ikaganda kuwa kipande kama betri ya tochi. Akakisugua, akakipaka grisi, akakipenyeza ndani ya bomba nene la chuma alilokuwa amelitoboa, akaliziba. Kisha akamweleza mama, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa mama, kwamba chuma kikitaka kutetemeka kwenda huku, risasi ndani inachelewa, inakivuta kule, na mtetemo unajichosha wenyewe.

"Kama majani tunayoweka kwenye ndoo ya maji," mama alisema kwa sauti yake ya sokoni. "Maji yasirukeruke njiani."

"Ee. Kama majani."

Nilifurahi. Hakuwa akitaka kufa. Alikuwa akitaka mashine inyamaze.

Na ilinyamaza. Nilikuwepo. Alibana bushi, akawasha, akaingiza lile bomba na kisu chake ndani ya tundu, nikaziba masikio tayari. Hakuna kilio. Kulikuwa na sauti laini tu, kama chai inayomiminwa kutoka juu. Ganda la shaba lilitoka refu, limejikunja, likimeta. Mama alipiga makofi ya furaha, akaanza kucheza pale pale juu ya zege.

Baba alizima mashine. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Bado inalia," alisema.

Mama alicheka, akidhani ni mzaha. Nikasema, "Baba, imenyamaza!" lakini mimi sikuwa mtu wa kujibiwa. Aliitazama bushi ndani kwa tochi, akaigeuza, akaitazama tena. Ilikuwa laini kama kikombe. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kama bushi ni safi na mashine bado inalia, alisema, basi kuna kitu ndani kabisa kinapasuka, na siku moja kitaruka kimuue mtu. Alikereza nyingine kadhaa, zote safi, na kila moja alikuwa akitikisa kichwa. Mama alimwambia, "Baba Awuor, mimi sisikii kitu." Akamjibu, "Wewe si fundi." Nami nilimwamini yeye. Niliwaza mafundi wana masikio ya ndani, yanayosikia chuma kikiumia kabla yetu sisi.

Alianza kuifungua mashine. Gia alizipanga juu ya gazeti, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazirudisha, akawasha. Bado inalia. Akafungua tena. Bushi zilizobaki zilikaa kwenye kona zikisubiri, na siku aliyoweka injinia ya kuja kuzichukua ikawa inakaribia. Alikonda. Usiku hakuwa akilala, na asubuhi macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni penye moshi. Mama alianza kuomba kwa sauti akikoroga uji.

Ilikuwa mchana, mvua ikijikusanya upande wa Londiani. Nilikuwa nimempelekea mama shuka kibandani, kwa kuwa alikuwa amehamia huko kukaa na baba. Mashine ilikuwa ikizunguka bila kukata chochote. Baba alikuwa amekaa juu ya gunia la mchanga ameipa mgongo, viwiko juu ya magoti, viganja vimefunika uso. Stima ikapotea. Mkanda wa mashine ukapunguza mwendo, ukajikokota, ukasimama. Kibanda chote kikawa kimya, hata ndege wa nje nikawasikia.

Baba, akiwa amefunika uso, akasema, "Unasikia vile inalia?"

Mama alinitazama. Nilimtazama mama. Akaniwekea kidole mdomoni, akaokota nyundo, akaigonga kwenye bati nyuma ya kichwa cha baba. Niliruka. Baba hakutikisika. Mama akaninong'oneza, "Mwite."

"Baba," nilisema. "Baba. Baba."

Ndipo mama alipoanza kulia, kwa sababu alikuwa ameelewa kabla yangu. Alizunguka mbele yake, akamshika viganja, akavitoa usoni, akamgeuza kuelekea mashine. Baba alitazama mkanda uliosimama. Akainuka, akauwekea mkono, akausukuma kidogo kama mtu anayemwamsha aliyelala.

"Imezimika lini?"

"Zamani," mama alisema karibu na uso wake. "Stima imepotea zamani."

Alisimama pale na mkono juu ya mkanda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi anayelia ni mimi."

Injinia Langat alikuja akakuta mashine imefunguliwa tumbo, maana baba alikuwa ameifungua tena na kuiacha hivyo. Alichukua bushi zilizokuwa tayari, akazisifu, na hakuwa akidanganya. Zilizobaki zilipelekwa Nakuru, na baada ya hizo, kama alivyokuwa amesema, kila kitu kikaenda Nakuru. Yeye ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari la kiwanda. Daktari alimpima baba kwa chuma kidogo kilichogawanyika ncha, akatueleza kwamba ile miaka ya karakana, na kilio cha mashine ile, vilikuwa vimekula masikio. Mlio aliokuwa akiusikia ulikuwa wake mwenyewe, na hautamwacha. Mama aliuliza mbona mimi sikujibiwa, ilhali yeye alijibiwa.

"Sauti nyembamba hupotea kwanza," daktari alisema. "Ya ndege. Ya mtoto."

Mama alimtafsiria baba kwa mdomo mkubwa, taratibu. Baba alinigeukia. Alinivuta akanikalisha kwenye goti lake, mbele ya daktari, ingawa nilikuwa mkubwa na miguu yangu ilikuwa ikigusa sakafu.

Haikuwa mwisho wa shida. Baba alikataa kuingia kibandani. Alikuwa akitembea kwenye reli, akienda tu, na mama alikuwa akinituma. "Mfuate baba yako. Ukisikia treni, mshike." Siku moja garimoshi la mizigo lilikuja kwa nyuma, nikakimbia, nikashika shati lake kwa mikono miwili na kujitupa nalo kwenye nyasi. Mabehewa yalipita kando yetu kama ukuta unaokwenda. Baba aliyatazama mpaka la mwisho. Halafu akatazama shati lake lililochanika, na mikono yangu iliyokuwa bado imelishika, na tukarudi nyumbani.

Siku iliyofuata mama hakwenda sokoni. Alimshika mkono mpaka kibandani, wakairudisha mashine kipande kwa kipande, naye akasimama nyuma yake ameweka kiganja begani mwake. Kisu kikianza kulia, alikuwa akiminya. Baba alikuwa akipunguza, anasikiliza kiganja, anaendelea. Walifanya hivyo miaka mingi, shafti za posho mill na vyuma vya mikokoteni, mama akinuka omena na mafuta ya mashine kwa pamoja. Hatukurudi ziwani. Mwaka ule ulipoisha hata sauti ya mama ya sokoni ilikuwa imemtoka baba masikioni.

Nilipokuwa chuoni nilirudi likizo moja, nikakaa jikoni nikimsimulia mama mambo ya Nairobi. Baba alikuwa ameegemea mlango, akitazama midomo yetu. Aliongea kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama alivyoongea siku zote tangu hapo.

"Mama Awuor. Sauti ya huyu sasa ikoje?"

Mama aliweka mwiko chini. Alifikiria, kwa sababu lilikuwa swali la kufikiriwa. Kisha akamgeukia baba ili amwone mdomo vizuri.

"Kama ya mama yako."

Baba alivuta kigoda, akakaa karibu nami, akafumba macho.

"Endelea kuongea," akaniambia.